Mtoto ni wa Nani?



Mgeni akipita hapa kwetu Nyakabere, akakutana njiani na mtoto mwenye ndoo ya maji kichwani, akamwuliza, "Mwanangu, wewe ni wa nani?", mtoto hatasita kujibu. Atataja jina la baba yake. Mgeni akizidi kuuliza, atataja la babu mzaa baba. Ndivyo wazee wa Kifuliiru na wa Kivira walivyotupokeza: mtoto ni wa ukoo wa baba, shamba humwendea mwana wa kiume, na binti akiolewa huenda kuukuza ukoo wa wengine. Desturi hiyo tumeizoea sana, hata twadhani kwamba hakuna nyingine duniani.

Lakini ziwa letu ni refu. Panda meli katika bandari ya Kalundu, elekea kusini, uache Baraka na milima ya Fizi mkono wa kuume. Pita Kalemie, pale Mto Lukuga unapotoka ziwani. Pita Mpala. Mwishowe utafika Moba, nawe utakuwa umesafiri zaidi ya kilometa 400. Maji ni yale yale, dagaa ni wale wale, na Kiswahili utaelewana nacho. Lakini ukimwuliza mzee wa Kitabwa, kwa desturi ya kwao, mtoto ni wa nani, atakujibu kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Na ukimwuliza mkubwa wa mtoto huyo ni nani, hatamtaja baba. Atamtaja mjomba.

Leo basi ukurasa huu unawaalika katika safari mbili: ya kwanza katika ziwa letu wenyewe, ya pili mbali, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi moja ya Wamalai. Hatuendi kucheka watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twaenda kuuliza jambo moja tu, nalo ni zito kwa kila nyumba: mtu akifa, desturi yake yamwacha nani nje ya mlango?

Kwa Watabwa

Tumfikirie mama mmoja mwenye watoto wawili, wa kiume na wa kike. Kwetu tungesema kwamba ukoo utaendelezwa na yule wa kiume. Kwa Watabwa sivyo. Watoto wa yule wa kiume watakuwa wa ukoo wa mke wake. Watoto wa yule wa kike ndio watakaokuwa wa ukoo huu. Kwa hiyo mwanamume aliye mkubwa wa ukoo hatazami watoto wake mwenyewe anapomtafuta wa kushika mahali pake. Hutazama ndugu zake wa tumbo moja, kisha watoto wa dada yake. Hao ndio damu ya ukoo wake. Kwa Kiswahili cha zamani twasema kwamba urithi hupita kukeni, wala si kuumeni.

Msomaji asidhani kwamba huko wanawake ndio watawala. Mara nyingi mtawala ni mwanamume, na mwamuzi wa mashauri ya ukoo ni mwanamume. Ila cheo chake amekipata kwa sababu ya mama yake, naye atamwachia mtoto wa dada yake. Mwanamke ni kama mfereji: maji hupita kwake, wala mfereji ukikatika maji hayafiki shambani. Ndiyo maana heshima ya dada ni kubwa, na kaka anayemdharau dada yake anaudharau ukoo wenyewe.

Watabwa si peke yao. Wabemba wa Zambia hufuata njia hiyo, pia Walamba wa mipaka ya Katanga. Ukivuka ziwa na kwenda mbali mashariki, utawakuta Waluguru katika milima ya Morogoro, na Wamakonde kusini mwa Tanzania. Hata katika visiwa vya Komoro, penye Uislamu wa karne nyingi, watu wa Ngazidja huwajengea binti zao nyumba, na mume huja kukaa kwa mkewe.

Kwa nini wengine wamefuata baba na wengine mama? Wataalamu wamelichunguza jambo hili muda mrefu, na sababu moja waliyoiona ni ng'ombe. Penye ng'ombe wengi, mume hutoa ng'ombe kwa wazazi wa binti, na mahari hiyo huwa kama hati ya watoto: aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Lakini nchi nyingi za kusini zina mbung'o, na mifugo haistawi. Huko kijana hakuwa na ng'ombe wa kutoa. Alitoa mikono yake. Alikwenda kukaa kwa wakwe, akawalimia mashamba, akawajengea, hata walipomwona kuwa mtu wa maana. Alipata mke, lakini watoto walibaki wa ukoo wa mama yao. Jembe halikununua kile ambacho ng'ombe hununua.

Basi angalieni hali ya mwanamume huyo. Nyumbani kwa mkewe ni mgeni anayeheshimiwa. Nyumbani kwa dada yake ni mkubwa. Huwapenda watoto wake, huwafundisha kuvua na kuwinda, huwabeba wakiugua. Lakini neno la mwisho juu yao analo shemeji yake. Na yeye mwenyewe ana neno la mwisho juu ya watoto ambao si yeye aliyewazaa. Kila mwanamume ana moyo uliogawanyika mahali pawili.

Sanamu ya Lusinga

Jambo hili lilikuwa na uzito gani kwa wazee wa Kitabwa, laonekana katika habari ya mtawala Lusinga. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alifika katika pwani hiyo akajenga kituo cha Mpala. Lusinga alikuwa mtawala mwenye nguvu katika milima ya jirani, mwenye bunduki na mwenye kuuza watumwa. Wawili hao hawakupatana. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walikipanda kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Katika mateka yao ilikuwamo sanamu ya mti, ya mzee wa kale wa ukoo wake.

Kwa nini mtawala aweke sanamu kama hiyo? Kwa sababu ilishuhudia kwamba yeye ametoka katika tumbo fulani, wala si lingine, na kwamba ana haki ya kukalia kiti. Kwetu leo twaonyesha cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba. Yeye alionyesha sanamu ya wazee wake.

Storms alirudi Ulaya mwaka 1885 pamoja na sanamu na fuvu. Sanamu imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji. Fuvu liliishia katika taasisi ya elimu ya viumbe mjini Brussels, na kwa miaka ya karibuni watu wa nchi mbili wamekuwa wakishauriana juu ya kurudisha mabaki ya namna hiyo. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa mahali iliposimama katika mji huo. Aliyechukua alama ya ukoo wa wengine ameondolewa ya kwake. Vijana wa shule walifikirie jambo hilo.

Watoto wasio na mjomba

Storms alipoondoka, Mpala iliachiwa Mapadri Weupe. Hao walikuwa wamekwisha kujenga pia Kibanga, upande wetu wa Fizi, mwaka 1883. Katika vituo hivyo walikusanya watoto waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa wametekwa mbali, hata jina la kijiji chao walikuwa wamelisahau.

Mfikirie mtoto kama huyo katika nchi ya Watabwa. Baba hana, lakini huko kukosa baba si msiba mkubwa kuliko yote. Hana mjomba. Hana ukoo wa kumdai akipotea, wala wa kumlipia akikosa. Tena yafaa tuseme ukweli: zamani wakubwa wengine walipenda kuoa mjakazi kwa sababu hiyo hiyo. Mke mwungwana huzaa watoto wa shemeji. Mjakazi hana kaka wa kuja kudai, kwa hiyo watoto wake huwa wa bwana wake kabisa. Hivyo desturi iliyomheshimu mama ilimfanya mwanamke asiye na ukoo kuwa kitu cha kutamaniwa kwa unyonge wake. Hakuna desturi isiyo na kivuli.

Katika vijiji vya misioni watoto hao walikua, wakaoana, wakajenga nyumba ambamo baba, mama na watoto walikuwa jamaa moja. Hivyo katika pwani moja kukawa na njia mbili za kuhesabu watu, nazo zimeishi pamoja hata leo.

Katika nchi hiyo alitoka Stefano Kaoze, mwana wa Watabwa. Alipadirishwa Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi mpya. Hata kabla ya hapo, mwaka 1911, maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa Kifaransa, naye hakuacha kuchunguza mila za watu wake.

Wazazi wengi huku kwetu huhuzunika mwana wao wa kwanza akitaka upadri. Husema, "Nyumba yangu imefungwa." Katika hesabu ya kuumeni, kweli mwana asiyezaa ni mlango uliofungwa. Katika hesabu ya kukeni haiwi hivyo. Mjomba asiye na watoto bado ni mjomba. Watoto wa dada zake ndio ukoo wake, nao ni watoto wake kwa haki. Kumbe huzuni ile tunayoiona kuwa ya binadamu wote, pengine ni ya desturi yetu tu.

Mahali desturi inapouma

Hata hivyo tusiipake desturi hiyo asali. Zamani mume alipokufa, mali yake ilikuwa mkuki, nyavu, mtumbwi na pengine bunduki. Wapwa walikuja, wakavichukua, wakaenda zao. Mjane aliumia moyo, lakini hakufa njaa. Alikuwa karibu na mama yake, mashamba yalikuwa ya ukoo wake, na kaka zake walikuwapo.

Kisha nyakati zikabadilika. Mwaka 1915 reli ilifika ziwani pale Kalemie. Migodi ya Katanga ikaita wafanyakazi. Mume na mke wakaenda kukaa mjini, mbali na mjomba na mbali na mama mkwe. Mume akapata mshahara, mke akauza sokoni, wakanunua kiwanja, wakachoma matofali, wakaezeka mabati. Nyumba hiyo si ya ukoo wa mume wala si ya ukoo wa mke. Ni ya jasho la watu wawili. Lakini mume akifa, wapwa wanafika na desturi ya mkuki na nyavu mkononi, nao wanataka nyumba ya mabati. Watoto waliosaidia kubeba matofali wanatolewa nje, maana hao si wa ukoo.

Hapo mtu wa Uvira atatikisa kichwa na kusema, "Maskini Watabwa!" Lakini ngoja kwanza. Kwetu mume akifa, nani hufika? Si ndugu zake wa kiume? Hawasemi kwamba nyumba ni ya ukoo wa baba, na kwamba mjane ni mgeni aliyeletwa kwa ng'ombe? Wengine humwambia arithiwe na shemeji au aende zake. Na binti za marehemu huambiwa kwamba watapata mashamba kwa waume zao. Jina la mchukuaji limebadilika tu: kule ni mpwa, huku ni baba mdogo. Anayelia mlangoni ni mjane yule yule.

Katika nchi ya Negeri Sembilan

Tuvuke bahari sasa, tukaone watu waliofuata njia ya mama kama Watabwa, wakapambana na shida hiyo hiyo ya mali ya zamani na mali mpya. Katika Malaysia, kusini ya mji wa Kuala Lumpur, iko nchi iitwayo Negeri Sembilan, yaani nchi tisa. Tangu karne nyingi walihamia huko Waminangkabau kutoka milima ya magharibi ya kisiwa cha Sumatra, wakaja na mila zao.

Jina lao lina hadithi ambayo watoto wataipenda. Wasema kwamba zamani jeshi la Java lilikuja kuwapiga vita. Ili damu ya watu isimwagike, pande mbili zikakubaliana kupiganisha nyati. Wajava wakaleta dume kubwa mno. Waminangkabau wakaleta ndama aliyenyimwa maziwa, wakamfunga vyuma vyenye ncha puani. Ndama kwa njaa yake akakimbilia tumbo la dume akitafuta kunyonya, akalitoboa, likafa. Ndipo wakaitwa Minangkabau, yaani nyati aliyeshinda. Paa za nyumba zao za kale zimepinda juu kama pembe za nyati.

Watu hao ni Waislamu. Hata hivyo ukoo wao hufuata mama, kwa desturi waiitayo Adat Perpatih. Neno adat limetoka katika Kiarabu, nasi katika Kiswahili tunalo: ada. Koo zao kubwa ni 12, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mume huenda kukaa kwa mkewe. Mashamba ya mpunga na nyumba ya wazee hupita kwa mama na binti zake. Mkubwa wa ukoo ni mwanamume, lakini ni mwana wa binti za ukoo. Juu ya wakubwa hao wako watawala wanne, wa Sungai Ujong, Jelebu, Johol na Rembau, na hao wanne ndio wamchaguao mfalme.

Mfalme wao wa kwanza, Raja Melewar, waliletewa kutoka Sumatra mwaka 1773. Ajabu ni hii: nyumba ya mfalme peke yake haifuati mama, yafuata baba. Katika mji wa Seri Menanti lipo jumba la kifalme lililojengwa tangu mwaka 1902 hadi 1908, la mbao tupu, lenye nguzo 99, wala hakuna msumari hata mmoja. Mmoja wa wafalme hao, Tuanku Abdul Rahman, alifanywa mfalme mkuu wa kwanza wa Wamalai wote walipojitawala mwaka 1957. Picha yake imo katika noti za fedha zao.

Lakini sisi hatukuja kutazama majumba. Tumekuja kuuliza juu ya mlango. Katika Negeri Sembilan ya zamani, nani aliachwa nje? Si mjane. Yeye hakutoka nyumbani mwake hata siku moja. Aliyeachwa nje ni mume. Mke akifa, au wakiachana, mume alifunga nguo zake na kurudi kwa dada yake. Shamba alilolilima miaka 20 halikuwa lake, na watoto walibaki kwa mama yao. Mwajua sasa kwamba kila desturi ina mlango wake, na kila mlango una mtu aliyesimama nje.

Mali ya wazee na mali ya jasho

Watu hao walifanyaje? Walitenga mali katika mafungu mawili, na hili ndilo jambo tuliloendea safari ndefu hivi.

Fungu la kwanza ni mali ya wazee: shamba la ukoo na nyumba ya ukoo. Hiyo hakuna mtu aliyeipata kwa nguvu zake. Aliikuta, ataiacha. Haiuzwi ovyo, wala haipewi mtu wa nje. Mwaka 1909 serikali ya wakati ule iliandika sheria kwamba ardhi ya namna hiyo katika wilaya kadhaa iandikwe kuwa ya ukoo, ipite kwa wanawake wa ukoo ule tu. Mwaka 1951, huko Rembau, walitokea watu waliotaka ardhi hiyo igawanywe kwa sheria ya dini, ambayo humpa mwana wa kiume mafungu mawili na binti moja. Wanawake wakapinga kwa nguvu, na desturi ikabaki.

Fungu la pili ni mali ya jasho: ile ambayo mume na mke waliichuma pamoja katika ndoa yao. Hiyo si ya ukoo. Wakiachana hugawanywa baina yao. Huko Sumatra kwenyewe, mwaka 1952, wakubwa wa koo, walimu wa dini na watu waliosoma walikutana katika mji wa Bukittinggi, wakakubaliana: mali ya wazee ifuate desturi, mali ya jasho iwaendee watoto wa marehemu na warithi wengine kwa sheria ya dini. Hawakuitupa desturi. Waliiwekea mpaka.

Njia hiyo nayo ina kasoro zake. Mashamba mengi ya ukoo yamegawanyika vipande vidogo vya warithi wengi, na mengine yamekuwa majani, maana vijana wamehamia mijini na hakuna ruhusa ya kuuza. Tena Wamalai wana methali kali, isemayo kwamba ni heri mtoto afe kuliko desturi ife. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Desturi iliwekwa ili mtoto aishi. Ikimtoa mtoto katika nyumba ya baba yake na mama yake, hiyo imesahau kazi yake.

Turudi kwetu

Katika nchi yetu sheria imekwisha kusema. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yahesabu warithi kwa makundi. Wa kwanza ni watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike sawasawa, nao hupata robo 3 za mali. Robo inayobaki hugawiwa kundi la pili: mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Wajomba na baba wakubwa huja katika kundi la tatu, ikiwa makundi yale mawili hayana mtu. Tena mjane ana haki ya kuitumia nyumba ambamo aliishi na mumewe. Sheria haiulizi kama wewe ni Mtabwa au Mfuliiru.

Lakini sheria iliyo mbali haimsaidii mjane asiyekuwa na karatasi. Wapwa au baba wadogo hufika siku ya tatu baada ya maziko. Hakimu yuko mjini, na safari ya kwenda kwake yataka nauli. Kwa hiyo yafaa baba na mama watengeneze mambo yao wangali hai.

Kwanza, ndoa iandikwe serikalini, na watoto waandikwe wanapozaliwa. Ndoa iliyobarikiwa kanisani na kukamilishwa kwa mahari bado yahitaji cheti, maana mbele ya hakimu cheti ndicho kinachosema.

Pili, mume na mke watenge mali yao kama wale wa Bukittinggi. Hili ni shamba la wazee, tulilikuta. Hii ni nyumba ya jasho letu. Waseme hivyo mbele ya ndugu wa pande zote mbili, na waandike wasia. Wako wanaoogopa kuandika wasia wakidhani ni kumwita mauti. Mauti huja bila kuitwa. Wasia huzuia tu asije pamoja na ugomvi.

Tatu, tusiwatupe mjomba wala baba mdogo. Mila zote mbili, ya kuumeni na ya kukeni, zilimweka mtu mzima karibu na yatima ili amlinde, amwombee mke, amsimamie shaurini. Hiyo ndiyo thamani yake. Ubaya ulianza pale mlinzi alipojifanya mrithi. Baraza la familia na liketi, mjomba na awepo, baba mdogo na awepo. Lakini wakae kama walinzi wa mlango, wala si kama watu waliokuja kuung'oa.

Baba na mama, jioni hizi kaeni na watoto wenu, mwaambie waziwazi kipi katika nyumba hii ni cha wazee na kipi ni cha jasho lenu. Mwaambie jina la baba wa baba, na jina la mama wa mama pia, maana wengi hawalijui. Kisha juma lijalo nendeni kwa mwandishi wa serikali na majina hayo mkononi. Kazi hiyo ya asubuhi moja yaweza kumwokoa mjane na machozi ya miaka.